Mtoto asiyeitika: sauti, ubongo na haki ya kuhukumu

Kengele ya shule moja tulikofundisha zamani, huku kwetu Kasongo, ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa ku mwembe. Mwanafunzi wa zamu alikuwa anaipiga na kipande cha chuma, sauti yake inafika mpaka sokoni. Kila asubuhi, rimu ikilia, mtoto mmoja wa kalasi ya kwanza ya sekondari alikuwa anaziba masikio na mikono miwili, anainama, na siku zingine anakimbilia nyuma ya vyoo. Ndani ya kalasi ilikuwa kinyume. Tukimwita jina mara mbili, mara tatu, haitiki, anaangalia dirisha tu. Lakini mvua ikianza kudondoka kidogo ku mabati, yeye ndiye wa kwanza kuinua kichwa.

Sisi tulisema: huyu ana kiburi. Tukampiga. Hatuandiki hivi kwa kujisifu, tunaandika kwa sababu ni kweli. Wenzake walisema neno baya zaidi: eti anasikiaka watu wa usiku, ndiyo maana hasikii watu wa mchana. Neno hilo likafika nyumbani kwao, likapata nguvu, na kabla ya mitihani mtoto akaondolewa shuleni. Walimpeleka mahali pa kufungishwa na kuombewa, siku nyingi bila chakula. Hatukumwona tena ku kalasi.

Tangu siku ile swali moja halijatuacha. Mtoto asipoitika akiitwa, au akikimbia sauti ambayo wengine wanaivumilia, tuna haki gani ya kusema yeye ni mtu wa namna gani? Kijitabu hiki ni cha desturi, na kuita na kuitika ni desturi yetu kubwa. Tuliona vizuri tuiweke pembeni ya yale ambayo wachunguzi wa ubongo wamegundua juu ya sauti, tuone desturi inatufundisha nini, na sisi tumekosea wapi.

1. Kuita na kuitika

Kwetu mtu anaingia duniani kwa njia ya sikio. Ndani ya nyumba za Waislamu, ambao ni wengi hapa Kasongo, mtoto akizaliwa anasomewa adhana ku sikio la kuume na ikama ku sikio la kushoto, mbele hajajua maziwa ni nini. Kwa Wakristo, jina linatamkwa kwa sauti mbele ya watu siku ya ubatizo. Mapacha wana nyimbo zao. Ndugu zetu Watetela na Wakusu walikuwa na lukumbi, ngoma ya mti iliyopasuliwa mdomo, iliyopeleka habari mbali kuliko sauti ya mtu. Mwadhini, kengele ya misioni, ngoma ya kilio: kila sauti ina jibu lake, na kila mtu anajua afanye nini akiisikia.

Ndiyo maana mtoto akiitwa na mkubwa anajibu "Naam, baba," kisha anasogea. Hapigi kelele kutoka mbali "Nini?" Kuitika ni kusema: niko, ninakutambua, sisi ni wamoja. Asiyeitika ni kama amekataa udugu. Hatuchekeshwi na desturi hiyo. Ni mwanzo wa adabu, na sisi walimu tunaishi kwayo.

Lakini ndani yake kuna wazo moja lililojificha. Wazo lenyewe ni hili: kila mwenye masikio anasikia kama mimi, kwa hiyo asiyeitika amekataa kwa roho mbaya. Juu ya wazo hilo tumejenga lawama nyingi. Je, wazo lenyewe ni la kweli?

2. Ubongo unaitika mbele ya mdomo

Mwaka 1924 munganga mmoja wa Ujerumani, Hans Berger, mu mji wa Jena, aliweka vidude vya chuma ku kichwa cha mtu na kuandika umeme mdogo sana unaotoka ku ubongo. Alitangaza kazi yake mwaka 1929. Mwanzoni watu wengi hawakumwamini. Leo mashini ya namna ile inatumika dunia nzima, kwa kupima kifafa kwa mfano. Haiumizi na haipeleki umeme ndani ya kichwa, inasikiliza tu.

Baadaye wengine wakajiuliza: mtu akisikia sauti, umeme huo unabadilika namna gani? Ili kuelewa jibu, tufikiri wamama wawili wanaotwanga mpunga ndani ya kinu kimoja. Michi inapishana: tu, tu, tu, tu. Bibi aliye ndani ya nyumba hasikilizi, anachambua sombe na kuongea na jirani. Ghafla mchi mmoja unapiga ukingo wa kinu: ta! Bibi anainua kichwa. Nani alimwambia asikilize? Hakuna. Ubongo wake ulikuwa unashika mpango wa sauti peke yake, na mpango ulipovunjika ukashtuka.

Ni hivyo hivyo wachunguzi walivyofanya. Mwaka 1978 Risto Näätänen, mtu wa Finland, na wenzake walionyesha kwamba mtu akisikilizishwa sauti moja inayorudiarudia, kisha ikapita moja ya tofauti, ubongo unatoa alama yake ndani ya sehemu moja au mbili tu za kumi za sekunde. Alama hiyo inatoka hata mtu akiwa anasoma kitabu bila kujali sauti. Inapatikana hata kwa mtoto mchanga aliyelala. Ubongo unaitika mbele ya mdomo, na hata pasipo ruhusa ya mwenyewe.

Tena ubongo unajifunza mapema. Mwaka 1980 wachunguzi wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wa siku chache tu chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na mashini ya sauti. Watoto walinyonya kwa namna ya kuleta sauti ya mama yao kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 1997 Näätänen na wenzake walipima watu wa Finland na jirani zao wa Estonia. Lugha zao ni ndugu, lakini Kiestonia kina vokali moja ambayo Kifini hakina. Ubongo wa Wafini ulizitambua kwa nguvu vokali za lugha yao, na ile ya kigeni kwa udogo. Ubongo wa Waestonia uliitambua vizuri.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Nyimbo za bibi za kubembeleza mtoto si mchezo wa kupitisha wakati. Kumwimbia mtoto Kibangubangu, Kizimba, Kikusu au Kiswahili ni kuutengeneza ubongo wake. Na kama ubongo unatengenezwa, basi hauko sawa kwa kila mtu, na njiani unaweza kupata shida.

3. Pale mwitiko unapotofautiana

Tuanze na otizimu, ambayo watu wa Tanzania wanaiita usonji. Mtoto mwenye hali hiyo anaweza kukawia kusema, asiangalie watu usoni, arudierudie jambo moja, asiitike jina lake. Wengi wao wanaumizwa na sauti ambazo kwetu ni za kawaida. Mwaka 2010, wachunguzi wa lopitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, wakiongozwa na Timothy Roberts, walionyesha kwamba kwa watoto wenye otizimu ubongo unaitika sauti kwa kuchelewa, kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Mtu atasema: sehemu moja ya mia ni nini? Lakini maneno yanapita haraka. Silabi moja ikichelewa kidogo, na ya pili ikachelewa, ya tatu inakuta ya kwanza bado iko mlangoni.

Kisha kuna ugonjwa unaoitwa skizofrenia. Mara nyingi unaonekana kijana akiwa anaingia ukubwani: anasikia sauti za watu wasiokuwepo, anaogopa ndugu zake, maneno yake hayashikani. Wataalamu wengi leo wanafikiri mizizi yake iko mbali, mu kukua kwa ubongo tangu utoto. Tangu mwaka 1991 imeonekana mara nyingi kwamba, kwa wagonjwa hao, ile alama ya kushtuka kwa sauti ya tofauti ni ndogo. Mwaka 1999 wachunguzi wengine wa Marekani waliwasikilizisha mlio unaopiga mara 40 kwa sekunde. Ubongo wa mtu mzima unafuata mapigo hayo kama wachezaji wanavyofuata ngoma. Ubongo wa wagonjwa ulifuata kwa udhaifu, kama mchezaji anayepoteza mguu.

Kuna jambo lingine la ajabu. Sisi tukisema, ubongo unapunguza mwitiko wake kwa sauti yetu wenyewe, kwa sababu unajua inatoka ndani. Kwa wagonjwa wa skizofrenia, kazi hiyo ya kupunguza imeonekana kuwa dhaifu. Wachunguzi wanafikiri kwamba pengine ndiyo njia moja ya kueleza namna gani mtu anaweza kusikia mawazo yake mwenyewe kama sauti ya mgeni. Tufikiri hapo kidogo, sisi ambao tukisikia kijana anajibizana na mtu asiyeonekana tunakimbilia kusema: wamemtuma, au: ni yeye anayekula watu.

Pengine msomaji atasema hayo ni mambo ya mbali, ya Finland na Marekani. Hapana. Kule Kilifi, ku pwani ya Kenya, ambako watu wanasema Kiswahili kama sisi, Michael Kihara na wenzake, pamoja na munganga Charles Newton, waliwapima watoto wa vijijini waliopona malaria kali. Kazi yao ilitoka mwaka 2010. Watoto walisikilizishwa sauti za kawaida, na kati yao zikapita sauti ngeni. Ubongo wa watoto waliopata malaria kali haukuitika ugeni huo namna moja na wenzao wasioipata. Na kule Kampala, ku lopitali ya Mulago, utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya malaria ya kichwa, karibu mtoto mmoja ku wanne alikuwa na shida ya kufikiri au kushika mambo.

Ndugu wasomaji, ni nyumba gani ya Kasongo au ya Kabambare haijui malaria ya kichwa? Mtoto anatetemeka usiku, macho yanageuka, tunakimbia na baiskeli mpaka santi ya afya. Akipona, tunashukuru Mungu, tunarudi nyumbani. Miaka inapita. Anaingia shule. Hashiki, haitiki, anasahau. Nani kati yetu anakumbuka ule usiku? Tunasema ni mvivu.

4. Ngoma haisemi neno moja

Sasa tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wenye masomo wanateleza. Mtu akisoma hayo juu anaweza kusema: vizuri, tuletewe mashini, tumpime kila mtoto, tujue nani mzima na nani mgonjwa. Sivyo. Tofauti tulizozitaja zinaonekana kati ya kundi na kundi, ukijumlisha watu wengi pamoja. Ukimchukua mtoto mmoja, anaweza kuwa na mwitiko wa kuchelewa na akawa mzima. Mwingine anaweza kuwa na mwitiko mzuri na bado ana otizimu. Mpaka leo waganga hawataji otizimu wala skizofrenia kwa kuangalia mawimbi ya ubongo peke yake. Wanakaa na mtu, wanawauliza wazazi, wanaangalia kwa muda. Kazi moja ambayo mashini ya namna ile inafanya vizuri kwa mtoto mmoja mmoja ni kupima kama sauti inapita toka sikio mpaka chini ya ubongo, yaani kama mtoto ni kiziwi au sivyo. Nchi nyingi zinapima hivyo watoto wachanga.

Wahenga wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli. Lakini kila mkulima ameshaona mawingu meusi yanapita bila tone moja kudondoka. Dalili inatuambia tuingize mpunga ndani. Haituambii kwamba mvua imeshanyesha.

Ngoma inatufundisha vizuri zaidi. Misionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi miaka mingi Yakusu karibu na Kisangani, aliandika mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alionyesha kwamba ngoma ya Walokele haina vokali wala konsonanti. Ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa hiyo neno la mwezi na neno la kuku yanapigwa namna moja: juu, juu. Msikilizaji atajuaje? Mpigaji anaongeza maneno. Akitaka kusema mwezi, anaongeza habari za mwezi unavyoangalia chini duniani. Akitaka kusema kuku, anaongeza habari za sauti ya kuku. Neno moja fupi linakuwa mstari mrefu, mpaka hakuna anayeweza kukosea.

Hiyo ndiyo hekima tunayoitafuta. Wazee wa ngoma walijua kwamba alama moja inabeba maana nyingi, na kwamba mwenye haraka atatayarisha chungu cha kuku mahali walipotangaza mwezi. Mtoto haitiki: hiyo ni "juu, juu" tu. Inaweza kuwa kiziwi. Inaweza kuwa otizimu. Inaweza kuwa alama iliyoachwa na malaria. Inaweza kuwa njaa, au huzuni ya mtoto aliyeona vita, na huku kwetu tumeona vita. Inaweza pia kuwa kiburi, hatukatai. Lakini aliyesikia sauti mbili akakata hukumu, huyo hajui ngoma.

5. Neno la bibi na neno la sheria

Tulipokuwa wadogo, bibi yetu alitukataza kuitika usiku jina likiitwa mara moja. "Ngojea ya pili, ngojea ya tatu," alikuwa anasema. "Mtu wa kweli ataita tena." Yeye aliogopa mizimu. Lakini ndani ya katazo lake kuna kanuni ya maarifa: usisimame kwa ajili ya sauti moja.

Sisi tumegeuza kanuni hiyo. Mtoto anakosa kuitika mara moja, na sisi tunasimama usiku huo huo kumfukuza. Hapo tunasema tunafuata mila. Mila gani? Mila ya bibi ilitaka mara tatu.

Sheria ya nchi nayo imesema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshitaki uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini, kwa anayemshitaki mtoto uchawi. Ni vizuri tuijue. Lakini sheria inafika baada ya mtoto kuumizwa. Kinachofika mbele ni namna tunavyofikiri.

6. Maswali magumu matatu

La kwanza. Mwalimu mwenzetu alituuliza: "Kama kila kosa ni ubongo, nani atakuwa na lawama tena? Si tutalea wahuni?" Ni swali la haki. Tunajibu hivi. Kila kitu mtu anachofanya kinapita ku ubongo, hata adabu, hata sala. Kwa hiyo kusema "ni ubongo" hakuondoi lawama wala hakuileti. Swali la kweli ni lingine: je, aliweza? Hatumlaumu kiwete kwa kutocheza ngoma. Lawama inaanzia pale uwezo unapoanzia, na mwenye kulaumu ndiye mwenye kazi ya kutafuta kwanza kama uwezo ulikuwepo. Sisi tulimpiga mtoto yule bila kufanya kazi hiyo. Kosa lilikuwa letu, si lake.

La pili. Wengine watasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu, na wao si wamekosea pia?" Ndiyo, wamekosea. Munganga Leo Kanner alieleza otizimu kule Marekani mwaka 1943. Baadaye Bruno Bettelheim, mu kitabu cha mwaka 1967, akaitupia wazazi, zaidi mama: eti hali hiyo inatoka ku ubaridi wa roho ya mama. Wamama wengi walilia miaka mingi kwa uongo huo. Wakati ule kule hawakusema mchawi, walisema mama baridi. Lakini jambo ni moja, kumtafuta mwenye kosa mbele ya kumtafuta mwenye shida. Na sisi tunayo methali yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ambayo ni nzuri, lakini mara ngapi tumeitumia kama fimbo ya kumpigia mama? Kilichowaondoa wale ku uongo ni kupima tena na tena na kukubali kwamba walikosea. Hiyo si mali ya Wazungu peke yao.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Tuseme siku moja mashini itaweza kuona, kwa mtoto wa miezi sita, kwamba pengine atapata shida. Je, ni vizuri kujua? Tunaogopa kidogo. Tunajua jina linavyoshika mtu huku kwetu. Mtoto akishaitwa "yule wa kichwa", hata akipona jina linabaki. Alama ya ubongo inaweza kuwa laana mpya iliyovaa bluzi nyeupe ya lopitali. Kwa hiyo tunasema: kujua ni kuzuri kwa sharti moja, kwamba anayejua anapata mzigo zaidi kuliko yule anayejulikana. Nikijua mtoto wangu sauti inamchelewa, mimi ndiye natakiwa kusema polepole. Nikitumia ujuzi huo kumkalisha nyuma ya kalasi, heri nisingejua.

7. Basi tufanye nini?

Mashini za kupima mawimbi ya sauti ku ubongo ziko mbali na sisi. Kule Bukavu, Mabruda wa Upendo walianzisha mu miaka ya 1990 kituo cha Sosame kwa wagonjwa wa akili. Kinshasa kuna kituo kikubwa cha chuo kikuu, kinachojulikana kama CNPP. Toka Kabambare ni safari ya wenye nguvu. Lakini mengi hayangojei mashini.

Kwanza sikio. Mtoto asiyeitika achunguzwe masikio mbele ya yote. Usaha unaotoka sikioni si jambo la kuzoea. Surua, homa ya uti wa mgongo na hata dawa zingine kali zinaweza kuharibu usikivu. Hapa Kasongo tuna jina katika historia ya surua: mwaka 1981 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, lilitoa kazi ya Mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uzima wa watoto wadogo. Mji ambao habari yake juu ya kuwalinda watoto ilisomwa na waganga wa dunia usikose kuchanja watoto wake.

Pili, tuulize historia. Mtoto aliwahi kupata malaria ya kichwa? Degedege? Alikawia kulia alipozaliwa? Mwalimu aandike anachoona, kwa miezi, si kwa siku moja. Daftari kama hilo likifika mbele ya munganga lina faida kuliko fimbo mia.

Tatu, tubadilishe namna ya kuita. Tumsogelee, tusimame mbele yake, tumguse bega, tuseme maneno machache, tungoje. Mtoto anayeumizwa na rimu ya gari aruhusiwe kuingia ku kalasi dakika mbili mbele haijapigwa. Hiyo inagharimu nini? Hakuna.

Nne, bibi afuatwe: mara tatu. Hakuna mtoto kupewa jina la kiburi, la ujinga wala la uchawi kwa sababu ya alama moja. Mara tatu tuite, kwa njia tatu za tofauti, mbele ya kusema neno lolote juu yake.

Mtoto yule tulimwona tena mara moja, miaka mingi baadaye, ku njia ya Kabambare. Alikuwa mwanaume sasa, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mchele. Tulimwita jina kutoka nyuma, hakuitika. Tuliita tena; akaendelea kusukuma. Zamani tungesema: kiburi chake kiko pale pale. Safari hii tulikimbia kidogo, tukapita mbele, tukasimama mahali atakapotuona. Akasimamisha baiskeli. Akatuangalia muda, si usoni, ku mikono. Kisha akasema, "Mwalimu." Tukamwomba msamaha pale njiani. Hatujui kama alielewa tulikuwa tunaomba msamaha wa nini. Alitikisa kichwa, akatuuliza kama ile rimu bado iko ku mwembe.

Tukamwambia ndiyo, iko.